Jiko la Kubadilishwa Tumbo

Jumatatu, 2 Juni
Nimegonga bati tangu asubuhi. Kilosa nzima hakuna fundi wa majiko ya mkaa kama mimi. Jiko langu moja lilikanyagwa na tembo kule Mikumi, jioni likaivisha maharage.
Ila leo nimeyakuta majiko yangu kwenye shimo la taka nyuma ya soko. Mengi. Nimechukia. Nimeyabeba yote nyumbani. Nataka kujua yamekufa na nini.

Jumanne, 3 Juni
Nimeyapasua kama daktari. Yote ugonjwa mmoja: tumbo la udongo, lile linaloshika mkaa, limepasuka, bati zima kabisa. Kosa ni saruji yangu. Niligandisha udongo kwenye bati usichomoke milele. Basi tumbo likifa, linatupwa jiko zima. Bati zuri vile! Je, jiko likitengenezwa la kufunguka?

Alhamisi, 5 Juni
Limefunguka! Bila saruji, tumbo limekaa tu ndani ya bati. Nimechemshia chai, safi. Nimempelekea Mama Neema, mama lishe wa stendi. Akilisifu yeye, soko zima linanunua. Akiliponda, nifunge karakana.

Ijumaa, 6 Juni
Aibu. Mama Neema kaanza kusonga ugali, wateja wamekaa. Tumbo likaruka, sufuria chini, ugali majivuni.
"Fundi, umewahi kusonga ugali wewe, au unaletewa tu mezani?"
Naletewa.
"Jumapili ulete linalotulia. Likiruka tena, nisikuone hapa."

Jumamosi, 7 Juni
Nimesonga ugali mwenyewe. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. Mabega yanauma. Ila nimeona: mwiko unasukuma pembeni, halafu unanyanyua. Nimekata ndimi za bati ukingoni. Nazikunja juu ya udongo kwa koleo, nazikunjua vilevile. Nimesonga tena. Majirani wamekula mabonge. Tumbo halikutikisika.

Jumapili, 8 Juni
Mama Neema kasonga sufuria kubwa kuliko zote, makusudi. Limetulia. Jiko kabaki nalo.

Alhamisi, 4 Septemba
Mama Neema kaja na jiko kichwani. Tumbo limepasuka.
"Nibadilishie tumbo tu, fundi. Bati usiliguse, nimeshalizoea."
Nimekunjua ndimi, nimeweka tumbo jipya, kaondoka. La zamani nimelitwanga, unga wake nimeuchanganya na udongo mbichi. Nimefinyanga jingine. Linakauka kivulini.
Sijamwambia mtu kuwa tumbo lililokufa ndilo linalozaa jipya.