Aliyenirudisha Dirma

Dirma, 4 Februari 2024

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za Bashay? Mguu wako unaendeleaje? Mimi ni mzima, mimba ina miezi saba. Usipige simu, Gidabuday aliibamiza kwenye jiwe ikafa. Barua hii anakuletea jirani yangu Irene, anayekuja Bashay kila wiki kununua vitunguu saumu. Yeye ndiye atakayerudi na jibu.

Baba, mume wangu Gidabuday hajaacha kunipiga. Novemba nilipokuja nyumbani jicho limevimba, ulinipa chai, ukanisikiliza, na siku ya tatu ukanipakia kwenye pikipiki yako ukanirudisha huku. Ulimwambia, "Mkeo huyu hapa," ukaondoka hata maji hukunywa. Tangu siku hiyo ananipiga bila kujificha, maana ameshajua sina pa kwenda. Naomba nije nijifungulie nyumbani.

Mwanao,
Zita

Bashay, 11 Februari 2024

Mwanangu Zita,

Marahaba sana. Mguu unasumbua asubuhi tu, ukipata jua unatulia. Kitabu changu cha watawala wakatili wa dunia kinakwenda vizuri. Miaka thelathini na mmoja nimefundisha historia, nisingeweza kustaafu nikakaa kuangalia kuku. Nimemaliza Bokassa, sasa niko kwa Amin.

Nikuambie kitu: wote hao walianguka. Amin miaka minane, Hitler kumi na miwili, habari yao ikaisha. Sembuse Gidabuday! Ni kijana mwenye hasira, atachoka. Wewe vumilia. Mimi ni mwenyekiti wa kigango, Zita. Binti yangu aliyefunga ndoa kanisani akionekana hapa na mimba yake, Jumapili nitasimama vipi mbele ya watu? Nitakuja Pasaka nizungumze naye kiume.

Baba yako

Dirma, 2 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Pasaka nilikungoja siku tatu.

Nimejifungua tarehe 9 Aprili, mtoto wa kike. Nimemwita Scolastica, jina la marehemu mama. Niko ndani ya uzazi. Kwa desturi ya huku mzazi hatoki bomani miezi mitatu, kwa hiyo hata kutoroka siwezi.

Juzi Gidabuday alitaka maziwa. Nikamwambia kwamba mama yake bado anakamua. Akanichapa fimbo za mgongo mtoto akiwa ananyonya.

Umeniandikia kwamba Amin alikaa miaka minane. Na waliokufa mwaka wa tatu je, kuanguka kwake kuliwasaidia nini? Njoo unichukue, Baba. Naogopa.

Mwanao,
Zita

Bashay, 19 Mei 2024

Mwanangu Zita,

Marahaba. Hongera kwa mtoto. Niliposoma jina la mama yako nilitokwa na machozi, sikufichi. Na swali lako ni zuri mno, nimeliingiza kwenye sura ya sita.

Sasa niko kwa Leopold wa Ubelgiji. Hebu fikiria, huyu hakukanyaga Kongo hata siku moja! Watu wanakatwa mikono kule, yeye yuko kwake anajenga nyumba za vioo za kuoteshea maua.

Kuja kwa sasa siwezi. Askofu anakuja kutoa kipaimara, na maandalizi yote ni juu yangu. Sali rozari, mwanangu. Mpe mumeo salamu.

Baba yako

Dirma, 16 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Mtoto ameanza kucheka.

Nilidhani hapa sina mtu, kumbe nilikosea. Mama mkwe aliona alama za fimbo alipokuwa akinipaka siagi mgongoni. Hakumwambia mwanawe neno. Alitoka akaenda kuita wanawake. Kwa hawa Wabarbaig, mwanaume akimpiga mzazi aliye ndani amewakosea wanawake wote, na wanawake wenyewe ndio wanaokaa kumhukumu. Gidabuday alijitetea kwamba mimi ni Mwiraqw, sheria yao hainihusu. Wakamwuliza maziwa anayonyonya mtoto wake ni ya Kiiraqw au ni maziwa. Wamemtoza dume jeusi la ng'ombe. Amelitoa, na amehamia kwa kaka yake mpaka nitoke ndani.

Kisha mama mmoja mzee akauliza, "Ulikimbia, sivyo? Nani alikurudisha?" Nikasema ni baba yangu.

Walisema wewe si mtu wao, kwa hiyo hukumu yako niitoe mimi. Nimeitoa. Natolewa ndani Jumamosi tarehe 13 Julai, na wote watakuwepo. Uje usimame mbele yao useme, "Nilimrudisha nikijua." Ni hilo tu. Ukilisema, nachukua mtoto naondoka nawe siku hiyohiyo. Usipokuja nitabaki hapa, na Gidabuday atarudi, maana nyumba ni yake. Lakini kwako sitaomba tena.

Mwanao,
Zita

Bashay, 4 Agosti 2024

Mwanangu Zita,

Habari za huko? Mjukuu wangu hajambo? Hii ni barua ya tatu tangu siku ile.

Nilikuja, nakuomba uamini. Nilifika saa nne asubuhi, nikaegesha pikipiki nje ya uzio. Niliwaona wanawake wamekaa, hawapungui arobaini, na wewe katikati umembeba mtoto. Maneno nilikuwa nayo, nimeyakariri njia nzima. Halafu kati yao nikamwona Gaudensia wa Gendabi, yule tuliyekuwa naye semina ya viongozi wa vigango. Akaniona. Akaniinamishia kichwa kwa heshima, "Mwenyekiti."

Niligeuza pikipiki. Niliisukuma kwa mkono mpaka bondeni ndipo nikaiwasha, usije ukausikia mlio wake.

Kuandika naweza. Nilikurudisha nikijua. Jicho lako nililiona, na nilijua. Lakini mbele ya watu mdomo ulikataa.

Irene ananiambia Gidabuday amerudi nyumbani. Nilimwuliza kama barua zangu unazisoma. Anasema ile ya pili uliisoma mbele yake mpaka mwisho, ukaikunja, ukamwambia asingoje jibu.

Hii pia nampa yeye. Amesema hatabeba nyingine.

Baba yako