Pupusa za Bibi

Shosti Yanira, nimejifungia chooni kazini na sitoki.

Si bosi alinichagua mimi nihutubie siku ya tamaduni, eti kwa kuwa naitwa Menjívar, jina la kwetu El Salvador? Nikawahubiria: "Msimhukumu mtu kwa sura!" Wakapiga makofi. Nikawakaribisha pupusa zangu, vile vimkate vya mahindi vyenye jibini ndani, "mapishi ya bibi yangu wa El Salvador."

Akaja kaka mmoja ana sura ya Kichina. Nikamwelekeza polepole, kama namfundisha mtoto: "Hii inaliwa kwa mkono."

KWA MKONO, Yanira!

Akatafuna, akanijibu kwa Kihispania cha kwetu kabisa: "Dada, nimezaliwa San Salvador. Mama yangu anauza pupusa."

Mtetezi wa tamaduni nikajifanya napanga sahani.

Akainama, akaninong'oneza: "Usijali, sitamwambia mtu kwamba bibi yako ni friza ya supamaketi."