Mjukuu Ananiita Mama, Je, Sheria Inaniita Nani?

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na mwandiko wangu usikuchoshe, shule niliishia darasa la nne na tangu hapo kalamu naishika kuwekea alama nguo za watu zisichanganyike, maana mimi ni dobi, nafua na kupiga pasi hapa hapa nyumbani.

Nina mjukuu wa kike wa miaka sita, tunamwita Chiriku kwa jinsi anavyosema. Mama yake ni binti yangu wa kwanza, alimzaa angali mdogo, na mtoto alipoachishwa ziwa nikamwambia mwanangu nenda katafute maisha, huyu niachie, akaenda mji mwingine, akapata kazi ya mapokezi hotelini, anakuja na kurudi. Sasa Chiriku alikua akisikia wajomba zake wakiniita mimi mama na mama yake wakimwita dada, naye akafuata hivyo hivyo, tukacheka, tukaona ni utoto, hakuna aliyemsahihisha, na kusema kweli mimi nilikuwa naona raha.

Majuzi binti yangu kaolewa, mume dereva wa malori, mtu mpole, sina neno naye. Wiki hii kanipigia simu, "Mama, shule zikifungwa tunakuja kumchukua mtoto akae na sisi, nashukuru sana kwa msaada." Mshauri, msaada? Msaada ni mtu akikutua ndoo kichwani. Nikajibu sawa mwanangu, nikakata simu, nikaunguza kola ya mtu.

Toka hapo akili haitulii, nataka kujua, hivi sheria inamjua bibi? Kuna wakili huniletea joho lake jeusi, nikamwuliza kwa kuzungukazunguka, nikasema kuna jirani yangu analea mjukuu.

"Huyo jirani yako," akasema, "mjukuu wake ni kibogoyo wa mbele na hunihesabia vifungo kila nikija?"

"Wanafanana," nikajibu.

"Mama dobi, mimi kesi zangu ni za viwanja."

"Basi niambie hizo za viwanja. Mtu akikaa kwenye kiwanja miaka na miaka, akafyeka, akapanda, mwenyewe yupo anaangalia tu, si sheria humtambua?"

"Mara nyingine humtambua."

"Na aliyekaa na mtoto?"

Akacheka mpaka akaegemea mlango, akasema mtoto si kiwanja, akachukua joho lake huyo akaenda. Lakini hakunieleza kwa nini, na mimi mpaka leo najiuliza, kwa nini? Homa zake nimekesha nazo mimi, shuleni naitwa mimi, jino likitikisika naonyeshwa mimi.

Dada yangu anasema nimpeleke Chiriku kwake mbali kabla shule hazijafungwa, kisha nimwambie binti yangu mtoto kakataa kuja kwenu, yaishe. Moyo unakubali, akili inakataa. Je, nina haki gani? Wakininyima hata kumwona je? Na Chiriku akiambiwa kwamba dada ndiye mama, mimi nitabaki nani kwake?

Dobi mwenye wasiwasi

MSHAURI ANAJIBU

Mama yangu, wakili wako alisema kweli ila alikuwa na haraka. Kiwanja hakina la kusema, mtoto analo. Ndiyo maana sheria za watoto sehemu nyingi hazianzi na swali la huyu ni wa nani, zinaanza na lipi litamfaa. Ubibi peke yake haukupi mamlaka juu ya mtoto ambaye mama yake yupo, mzima, na anamtaka. Limeze hilo hata kama ni chungu. Lakini malezi yako si hewa. Mahakama ikiulizwa hutazama mtoto amezoea nani, anasoma wapi, na yeye mwenyewe anasemaje. Sehemu nyingi bibi aliyelea anaweza kuomba asinyimwe kumwona mjukuu, na mzazi akishindwa kulea, anaweza kuomba atambuliwe kuwa mlezi. Masharti hutofautiana, kwa hiyo nenda ofisi ya ustawi wa jamii ukaulize, na safari hii useme ni wewe, si jirani.

Hilo la dada yako, usithubutu. Ukimficha mtoto utakuwa umempa binti yako kesi ambayo leo hana, na mbele ya hakimu mkosaji utakuwa wewe. Tena utamtia Chiriku uongo mdomoni, kwamba kakataa, na wewe hata hujamwuliza.

La mama na dada nitakugombeza kidogo. Mlicheka, mkamwachia mtoto deni la ukweli. Mwambie kabla hajaambiwa na mtu wa njiani, binti yako akiwepo: "Huyu ndiye aliyekuzaa. Mimi ni mama yake yeye, na ni bibi yako." Akitaka kuendelea kukuita mama, muitikie. Hakuna sheria inayokataza.

Kisha pangeni safari yenyewe. Mtoto hang'olewi kama msumari. Likizo hii akakae kwao siku chache, arudi kwako, ijayo azidishe, na shule abadilishe mwaka ukianza. Mkubaliane atakuja kwako lini na utaongea naye vipi, mkayaandike mbele ya ofisa wa ustawi, mume naye awepo.

Lakini kabla ya ofisi kuna simu. Binti yako alishukuru, ukasema sawa ukakata, naye anadhani mama kakubali. Mpigie leo, pasi ikiwa imezimwa. Usianze na haki zako. Mwambie unaogopa kubaki bila mtoto, halafu nyamaza umsikilize, maana yeye naye miaka yote hii ameitwa dada na mwanawe wa kumzaa, na hakuna aliyemwuliza anajisikiaje.