Kitanda Alichokiomba Fidel

Kangemi, Nairobi
Jumapili alasiri

Baba yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, wewe na Mama na wote hapo Kimilili. Mahindi yameshapaliliwa? Na lile goti lako, dawa niliyotuma inasaidia? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenishika kifua. Nimempa binamu Isaiah akuletee barua hii mkononi, kwa sababu Mama ameniambia kwamba tangu tumzike kaka Fidel hushiki simu tena, hata ikilia mezani mbele yako.

Ile kazi niliyokuwa nikiomba nimeipata. Kaunti inataka kujua ni watu wangapi wanahitaji matibabu ya pombe na dawa za kulevya, na kama vituo vilivyopo vinatosha. Tunapita nyumba kwa nyumba tukiuliza. Huko Karen, mtaa wa matajiri, mama mmoja alitukaribisha chai, akatuambia kwake hakuna anayekunywa. Kijana wake alikuwa amelala ndani ya gari pale uani, mlango wazi, kiatu kimoja kimeanguka nje. Tulikunywa chai yetu.

Ngara niliomba nisipelekwe, nikapelekwa. Unajua ni huko, nyuma ya maduka ya jumla, ndiko Fidel alikokutwa amekufa. Niliwauliza wanaume walioegemea ukuta kama wangekubali matibabu wakiyapata. Mmoja akacheka, akasema, "Madam, nani hataki? Tupeleke leo." Baba, ilikuwa sauti ya Fidel kabisa, ile yake ya kukwaruza. Tangu siku hiyo naisikia. Naosha vyombo, naisikia. Niko kanisani, naisikia nyuma yangu. Nageuka, hakuna mtu.

Wiki jana tulienda kituo kimoja cha kutibu waraibu, kule Muthangari. Msimamizi wake ni Bi Nyakio, mwanamke wa makamo, mpole. Nilipoingia aliniangalia, akaiacha salamu katikati. Kisha akaniuliza kama nina ndugu anayefanana nami. Nikamwambia nilikuwa naye. Akavuta kiti akakaa.

Alinieleza kwamba Fidel alifika pale miezi michache kabla ya kufa, kwa miguu, ameoga, shati limepigwa pasi. Alisema pombe imemchosha, anaomba kitanda. Vitanda vya wasio na uwezo vilikuwa vimejaa, akaambiwa arudi Jumatatu. Akarudi. Vilikuwa bado vimejaa. Akarudi tena, na safari hiyo alikaa langoni kutwa nzima akitetemeka, akikataa kuondoka. Alisema akitoka hapo tu, atakunywa. Bi Nyakio anasema mpaka leo, kila Jumatatu akifika kazini, hulitazama kwanza lile lango kabla hajaingia.

Sote tulisema alichagua mwenyewe. Ulisema mbele ya kaburi, nasi tukaitikia kwa kichwa. Kumbe alikuwa akibisha hodi, hafunguliwi.

Kuna jambo moja zaidi. Siku ile ya lango, Bi Nyakio alimhurumia. Akamwambia akipatikana mzazi wa kumdhamini, atamtandikia godoro sakafuni. Fidel akaazima simu yake, akakupigia. Bi Nyakio alikuwa amesimama karibu naye, akasikia sauti ya mzee ikisema, "Sina mtoto wa jina hilo." Simu ikakatwa. Fidel alimrudishia simu kwa mikono miwili, akashukuru, akasema mtandao wa kijijini ni mbovu. Kisha akaenda zake.

Siandiki ili nikuhukumu, Baba. Alikuwa amekudanganya mara nyingi. Aliuza ndama wako, akauza hata blanketi la Mama. Huenda nami ningesema vilevile. Lakini sasa nimeelewa kwa nini simu ikilia unaitazama tu, na sitaki ubaki na neno hilo peke yako. Mama hajui. Hatalisikia kutoka kwangu.

Bi Nyakio ameomba kuja kuliona kaburi. Tutafika mwezi ujao. Nina ombi moja tu. Fidel amelala nje ya ua wa boma, kama ulivyoagiza. Sikuombi umfukue umhamishe. Ule ua ni michongoma tu, Baba. Inakatika kwa panga, nayo hushika vizuri ikipandwa wakati huu wa mvua. Ipande upya ng'ambo ya kaburi, ili tukija tumkute ndani.

Msalimie Mama, shangazi Phoebe, na majirani wanaoniulizia. Usiache dawa ya goti. Mungu awe karibu nawe.

Ni mimi binti yako nikupendaye,

Namalwa