Usinihurumie, Pakine

Kitengela,
8 Machi 2025

Pakine wangu,

Supa. Najua umejibu "ipa" hapo ulipo hata kama umekunja uso. Habari ya Kajiado na vumbi lake? Ng'ombe wanatoa maziwa? Seleyian na watoto hawajambo? Huku tuko salama, isipokuwa Mugure wangu analalamika mgongo, na mbuzi wako amenona hadi anatembea kama mama wa bwana harusi. Sukuma wiki ya nyuma ya nyumba ameimaliza yote. Mugure akishika fimbo namwambia amwache, huyo si mbuzi, huyo ni jina langu. Tangu siku ile nilipofungua hili banda la gemu ukamleta akiwa mdogo, ukaniambia kwamba kwenu watu wakipeana mbuzi hawaitani tena kwa majina, wanaitana Pakine, mimi jina lako sijalitamka hata kwa ndoto.

Nimekupigia simu sana na huishiki. Kwa grupu ya WhatsApp umenyamaza kama mtu aliyehamia nchi nyingine. Ndiyo maana nampa Wanjala barua hii, akija huko na lori lake kuchukua nyasi akuletee. Mambo yameharibika. Ash Saba imetoka.

Wewe unajua sisi na Ring of Ash tumetoka mbali. Tuliianza tukiwa shule, tukapigana kwa hiyo gemu hadi vidole vikaota sugu, kila toleo likitoka tunalipokea kama mtoto amezaliwa. Sasa hili la saba wamemnyoa Orvak. Orvak wetu, mpiganaji mwenye misuko hadi kiunoni, ametoka kipara. Mbugua wa hapa bandani alipoona picha alizima simu akaenda kulala mchana. Njuguna anasema mtu asimwambie pole, atapigana na watu wa kweli.

Hiyo ya nywele ningevumilia. Lakini wameweka na njia rahisi ya kucheza. Unabonyeza kitufe kimoja tu na Orvak anarusha moto mwenyewe. Ile ngumi ya radi, tuliyojifunza muhula mzima, zungusha mbele, rudisha nyuma, vitufe viwili kwa pamoja, leo mtoto wa nasari anaitoa mkono mwingine ukiwa na mandazi. Sasa mimi kuchapwa na baba kwa kutoroka kanisa nikacheze kulikuwa kwa nini?

Nimeapa mbele ya watu kwamba Ash Saba haitaingia kwa banda langu. Hiyo ni gemu ya wavivu na watoto. Pasaka uje kama kawaida yetu tucheze Ash Sita, wewe na mimi, watu waone mchezo wenyewe unavyochezwa. Nimeshatangaza, usiniaibishe.

Ni mimi Pakine wako,
wa Kitengela


Kajiado,
22 Machi 2025

Pakine,

Supa. Tuko wazima kiasi cha kumshukuru Mungu. Mvua bado. Seleyian anawasalimu na anasema Mugure akandwe mgongo na maji moto ya chumvi.

Hiyo ya Orvak imenichekesha. Kwetu moran, kijana wa vita, siku ya kuacha umoran akinyolewa misuko na mama yake hulia. Wengine hutetemeka hadi washikwe. Baba yangu anasema alilia mpaka akapoteza sauti. Halafu akaoa, akafuga, akanizaa. Nywele zikienda, mtu hajaenda. Mpe Orvak nafasi.

Ash Saba niko nayo. Nacheza na hiyo njia ya kitufe kimoja, na naipenda. Pasaka sitakuja. Usiniulize sana.

Usicheke mwandiko.

Pakine wako,
wa Kajiado


Kitengela,
26 Machi 2025

Kuntai,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima, maana mimi siko mzima. Nimesoma maneno yako nikamwita Mugure aje asome, nikidhani macho yangu ndiyo yameharibika. Unaipenda. Mtu aliyekaa na mimi kwa benchi hadi mwenye duka akatumwagia maji ndio tutoke, leo ananiambia anapenda kitufe kimoja.

Na hata barua umeandika kwa uvivu huohuo. Mwandiko gani ule? Kuku akipita kwa karatasi ataandika vizuri zaidi. Kama umenichoka sema umenichoka, usiniletee hadithi za moran.

Watu wa banda wameniuliza kama utakuja Pasaka na nimewaambia hapana. Mbugua akacheka, akasema basi bingwa wa Kajiado amekuwa mzee. Unajua mimi nikichekwa ninavyokuwa.

Wanjala anakuletea mbuzi wako. Mlishe huko, mchezeshe na hiyo Ash Saba, kwa kitufe kimoja ataweza. Sisi huku hatuna Pakine tena.

Kahiga


Kitengela,
17 Mei 2025

Kwako wewe wa Kajiado,

Sijui nianze kukuita nani, kwa hivyo nimeandika hivyo. Hamjambo huko? Mvua imefika? Watoto wamefungua shule salama? Nauliza na sitegemei jibu, maana tangu mbuzi aondoke hujaniandikia hata neno.

Nataka nikuambie yaliyonipata. Nashipae, yule mama wa Kimaasai anayetuletea maziwa hapa, aliuliza mbuzi ako wapi. Nikamwambia kwa kiburi kabisa kwamba nimemrudisha. Aliweka mtungi chini. Nikaanza kujitetea bila kuulizwa. Ndipo akaniuliza kama kuna mtu amekufa. Akaniambia mbuzi wa jina huwa harudishwi. Mkigombana mnagombana, mnaweza hata kurushiana fimbo, na jioni bado ni Pakine na Pakine. Ukimrudisha umemwambia mwenzako kwamba hamjawahi kujuana.

Ndugu yangu, mimi sikujua. Naapa mbele ya Mungu. Kwetu ukikasirika unarudisha kitu cha mtu, yeye anakasirika pia, halafu wazee wanawaita mnakula pamoja na inaisha. Nilifikiri utapiga simu unitukane. Nilikaa nikingoja hayo matusi. Hayakuja, na Pasaka nilifunga banda mapema nikawaambia watu stima imepotea, kumbe taa ilikuwa inawaka na kila mtu anaiona.

Mugure hanisemeshi vizuri. Anasema mimi nililia kuhusu nywele za mtu wa kuchorwa na nikamtupa mtu wa damu na nyama. Amesema kweli na imeniuma.

Niandikie hata kama ni kunitukana. Tafadhali.

Kahiga


Kajiado,
1 Juni 2025

Kahiga wa Kitengela,

Supa. Mvua ilifika, nyasi ni nyingi, watoto wako shule. Mimi naendelea.

Nimekawia kwa sababu kuandika kunanichukua muda. Naandika kwa mkono wa kushoto. Hata ile ya Machi niliandika kwa kushoto.

Mwezi wa pili, kabla Ash Saba itoke, nilikuwa nakatia ng'ombe nyasi kwa mashine. Nyasi ilikwama, nikaisukuma kwa mkono. Nilijua haifai na nikaisukuma. Mkono wa kulia ulipoteza kidole gumba na cha shahada, na hicho cha kati kimekakamaa. Nilikuwa hospitali ndiyo maana simu sikushika. Nilimkataza Seleyian asikuambie, na nikamwambia Wanjala akikuambia hatapata nyasi kwangu tena.

Utauliza kwa nini. Nitakuambia ukweli, na usiusome kwa banda. Niliporudi nyumbani niliwasha Ash Sita nikajaribu ngumi ya radi. Haikutoka. Nilijaribu hadi Seleyian akaja akazima televisheni. Kukamua nimejifunza upya, kushika kikombe nimejifunza. Lakini hiyo ngumi haitatoka tena, na nililia kuliko nilivyolia hospitali. Kisha Ash Saba ikaja. Kwa kidole kidogo cha mkono huohuo nilibonyeza kitufe kimoja, Orvak akainua mkono, radi ikashuka. Kipara chake sikukiona. Niliona tu kwamba bado naweza kucheza.

Siku hiyohiyo ndiyo barua yako ilifika, ikisema ni ya wavivu na watoto.

Sikukasirika kwa hilo. Wewe umekuwa hivyo tangu shule. Nilikasirika kwa mbuzi, na nilikasirika sana, mzee wangu alitaka kuja huko mwenyewe na rungu. Lakini kilichonifanya nisikuambie kuhusu mkono ni kitu kingine. Niliogopa utanihurumia. Niliogopa utakuja, ukae karibu na mimi, unikandekande kwa gemu kama mtoto mgonjwa, uniache nishinde. Ningepoteza vidole na wewe pia.

Sasa kuhusu mbuzi. Wewe ni mtu wa mjini, ulidhani amenona kwa sukuma wiki. Alikuwa na mimba. Nadhani beberu wa huyo Nashipae anajua habari zaidi. Amezaa hapa wiki iliyopita, kajike kekundu kenye doa jeupe kwa paji la uso. Mzee amekatazama akasema mbuzi akirudi na mtoto tumboni hajarudishwa, ametembea tu. Mimi sikuwahi kusikia sheria hiyo, nafikiri ameitunga ili rungu lake lipumzike. Nimeikubali.

Njoo. Lete pad yako ya gemu, ucheze na njia yako ya zamani, mimi nitacheza na yangu. Nina sharti moja, usinihurumie. Nikiona unanipunguzia, utarudi Kitengela kwa miguu.

Kuntai


Kitengela,
4 Juni 2025

Ndugu yangu,

Salamu zitakuja baadaye. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni na nikakaa chini hapohapo, wateja wakaniruka wakipita. Nimelia. Halafu nikafika kwa kale kajike kekundu nikaanza kucheka nikiwa bado nalia, Mugure akatoka mbio akidhani nimepata habari ya msiba.

Nakuja Jumamosi ijayo na Mugure. Ash Saba nimeinunua. Nimeiweka kwa banda mchana watu wakiona, Njuguna akaniuliza kiapo changu kiko wapi, nikamwambia kimeenda Kajiado kusalimia mtu. Nimeanza kuizoea. Kipara kinamkaa Orvak vizuri kuliko nilivyodhani, lakini hilo nikisikia umemwambia mtu nitakana.

Sharti lako nimelisikia. Sijui kama nitaliweza. Nitajaribu.

Kahiga


Kajiado,
30 Juni 2025

Pakine,

Supa. Mlifika salama? Mgongo wa Mugure ulistahimili ile barabara? Huku tuko wazima, na majirani bado wananiuliza yule mtu aliyekuwa anapiga kelele kwangu ni nani.

Nimekaa nikifikiria ile siku na nimeona nikuandikie, kwa sababu mdomoni hayatatoka. Mchezo wa kwanza ulivunja sharti, na unajua. Orvak wako alisimama kama mtu aliye kwa foleni ya benki. Niliweka pad chini nikakuuliza kama umekuja matangani. Uliona haya, ukashika pad vizuri, na kutoka hapo ulinipiga bila huruma. Ulinipiga mpaka Seleyian akaenda jikoni asione. Ngumi ya radi uliitoa kwa ile njia yetu ya zamani, na nilifurahi kuiona hata ikiniangukia kichwani.

Halafu nikakushinda. Mara moja tu, kwa kidole kimoja na kitufe kimoja. Ukaruka kwa kiti, ukasema huo si mchezo, huo ni wizi, mimi ni mwizi wa mchana, nirudishwe shule. Mzee alitoka nje na rungu akidhani ng'ombe wameibwa kweli.

Hapo ndipo nilipopumua, Pakine. Tangu mashine inikate, kila mtu anayeingia kwa hii nyumba analeta uji na sauti ya chini. Wanaongea na mimi kama nimelala. Wewe umekuja umeniita mwizi mbele ya baba yangu na ulimaanisha. Nililala siku hiyo kama mtu aliyetua mzigo.

Wanjala anakuja kesho na kale kajike kekundu. Amri ya mzee ni kwamba mama yake abaki hapa na mtoto aje kwako, ili jina likae pande zote mbili. Mwambie Mugure ajenge ua kuzunguka sukuma wiki. Na wewe ujifunze kujikinga na kitufe kimoja, maana Krismasi nakuja Kitengela na nitakuibia mbele ya Mbugua na Njuguna.

Ni mimi mwizi,
Pakine wako