Kwani Jeraha Lina Mkwe?

Lushoto,
14 Juni 2024.

Mpendwa mdogo wangu Yudith,

Pokea salamu nyingi za huku mlimani. Marahaba yako nakupa kabisa, najua ungeniamkia. Vipi afya yako, vipi Songea na kazi ya wodini? Huku baridi ya mwaka huu imetukalia vibaya, kabichi zimedumaa, watoto wanakohoa lakini wanakula.

Mama ndiye si mzima. Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi kusema. Yuko chumba cha pili na anasikia kila kitu.

Unajua alimwagikiwa na maji ya kusongea ugali, paja lote la kulia. Jumatatu tulimpeleka zahanati kusafishwa kidonda, mimi na mume wangu Alen, maana kwa utelezi ule lazima abebwe. Bandeji hazikuwepo, nikatumwa duka la dawa. Narudi, nakuta nini? Mama kalazwa kitandani, kanga imepandishwa hadi kiunoni, pazia wazi, watu wa kwenye benchi wanatazama, na Alen kaamriwa amshike mguu. Alen, mkwe wake. Amefumba macho, jasho linamtoka, na Mama kajifunika uso kwa mtandio.

Nikamuuliza nesi kama haoni kwamba huyu ni mkwe. Akanijibu bila hata kugeuka, "Kwani jeraha lina mkwe?" Na ni Mshambaa mwenzetu, Yudith. Angekuwa mgeni ningemsamehe. Huyu anajua fika kwamba mkwe hata kukalia kitanda cha mama mkwe wake hathubutu. Angenisubiri kidogo, au angemwomba mama yeyote pale kwenye benchi.

Mama alikataa kuguswa tena, kidonda kikafungwa hivyohivyo. Tangu siku hiyo hataki kusikia habari ya zahanati. Sasa kinatoa harufu na homa inampanda. Alen naye haingii ndani Mama akiwa sebuleni. Anakula kwa kaka yake kama mtu aliyefukuzwa.

Nawe nilipokupigia nikakudokezea tu kwa kunong'ona, ukaniambia manesi mnazidiwa, tuvumilie tu. Niliumia sana. Kuzidiwa nakujua, hata darasa langu limefurika. Lakini kumsitiri mtu kunachukua muda gani? Nimekwenda kwa mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati ile, nikasema yote, nesi mwenyewe akisikia. Kasema atalishughulikia. Na alishughulikie kweli, maana nitarudi.

Jana Mama akaniuliza, "Na Yudith wetu, naye huwafanyia hivyo mama za watu?" Nikasema hapana, hata kidogo. Akasema basi nimtafutie hospitali nyingine, huenda wenye moyo kama wako wapo. Kesho tunampeleka.

Anakwenda kwa sababu anakuamini wewe. Nami nimeapa kwa niaba yako, Yudith, wakati sijakuona ukiwa kazini hata siku moja. Kama nimemdanganya Mama, ni wewe wa kuugeuza uongo huo kuwa kweli, uanze na mgonjwa wa kwanza utakayemshika ukimaliza kusoma barua hii.

Wasalimie shemeji Danieli na mwanao Paskalina. Alen anakusalimu, ingawa kwa aibu. Mungu ailinde mikono yako.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa na hasira,
Eliza