Mama Hakumnyima Baba Chakula

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani huko, na magoti yanakusumbua bado? Binamu zangu hawajambo? Sisi tupo, ingawa nikisema ni wazima nitakuwa nakudanganya.

Jicho la kulia la kaka yako limezima. Daktari anasema ni ile sukari. Mishipa ya ndani imevuja damu, na la kushoto nalo limeanza kuguswa. Jana fundi wetu mzima alinipa sindano nimtungie uzi. Nikamtania kwamba sasa mimi ndiye fundi, yeye mwanagenzi. Tulicheka, kisha nikaenda jikoni kulia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwaka jana alikuwa vizuri. Mama alifuata maneno ya daktari kama yalivyo: wali, mkate na viazi kidogo mno, sahani ijae mboga, mayai na samaki, chai bila sukari. Vipimo vilishuka mpaka daktari akampunguzia vidonge. Kitambi kikaisha. Baba akawa anapunguza suruali zake mwenyewe huku akipiga mluzi, anajiona kijana, na mama anamcheka.

Halafu watu wakaanza. Jirani akamwuliza, "Mzee, mbona umekwisha hivyo?" Wateja wakanong'onezana kwamba ana ugonjwa anaouficha. Na wewe, Shangazi yangu, ulipomwona kwenye simu ulimgeukia mama: "Wifi, kaka yangu nilikuachia mnene. Humpi chakula?" Najua ulisema kwa uchungu wa dada. Mama alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Tangu siku hiyo anampakulia baba mlima wa wali, mgeni awepo asiwepo. Baba anaumaliza wote. Nilimwuliza kwa nini, akasema, "Nikibakiza, watasema mama yako ananinyima." Basi ndivyo wanavyositiriana wale wawili, na hivyo ndivyo jicho lilivyokwenda.

Laiti ningekuandikia mapema. Nimemsihi mama, daktari naye amemsihi, na jibu lake ni moja: "Sitaki kuambiwa namuua kaka wa watu kwa njaa." Mimi ni mwanawe tu, neno langu halimtoshi.

Ndiyo maana nakuomba, kabla ya kumpigia kaka yako kumpa pole, mpigie wifi yako. Sisemi umwombe radhi. Mwambie ampikie mumewe kama alivyompikia mwaka jana, na kwamba akikonda, wewe dada mtu ndiye utakayewajibu watu.

Nisalimie binamu wote, hasa kitinda mimba wako mtundu. Baba anakusalimu na anauliza utakuja lini. Mama hajui kwamba naandika.

Mungu akutunze wewe na nyumba yako, na atuachie hili jicho moja.

Mwanao akupendaye na asiyekuwekea kinyongo,
Kifungua mimba wa kaka yako